Mama Aliyekataa Kutubu Kosa Langu

Akina mama wenzangu wa jumuiya, tangu nirudi mnaniuliza nilikwenda Upareni kufanya nini, na mbona nimekonda hivi. Mmoja wenu amesema nilikwenda kuuza shamba. Sina shamba kule. Mwingine amesema nilikwenda msibani, na huyo hakukosea sana. Nimeamua kuwaandikia, kwa sababu nikianza kusimulia kwa mdomo nitayaruka yale yanayoniumbua.

Mnamkumbuka Upendo, yule mwalimu kijana aliyehamia mtaani kwetu. Siku ile tulipokuwa tunamenya viazi vya chakula cha vijana, alipata habari kwamba zamani nilikuwa mkunga katika zahanati ya kijijini kwao. Akafurahi sana. Akaanza kunipa habari za watu wa kule, nani amekufa, nani amejenga. Halafu akasema, akicheka kidogo kama mtu anayesimulia kituko cha nyumbani, "Yuko mama mmoja kule, jamani, ni mbishi! Alitengwa na meza ya Bwana nikiwa darasa la tatu, eti alikunywa dawa za kienyeji akaua mtoto tumboni. Wakimwambia atubu mbele ya usharika arudi kundini, anasema hawezi kutubu asichokifanya, huko ni kumdanganya Mungu. Basi kila Jumapili anakuja, anaimba, sadaka anatoa, na wenzake wakienda mezani yeye anabaki amekaa. Mpaka leo."

"Anaitwa nani?" nilimuuliza.

"Namkunda."

Niliendelea kumenya viazi mpaka gunia likaisha. Nilikaa wiki saba bila kusema kitu, na mezani nilikwenda pamoja nanyi kama kawaida. Kosa ambalo Namkunda alikuwa anatakiwa kulitubu lilikuwa langu.

Dodoma hadi Same

Basi liliondoka vizuri, likaenda vizuri, na hilo ndilo lililonitia hofu. Tulipopita Korogwe nikaanza kuona milima ya Usambara kulia kwetu, nikajua baada yake inakuja ya Upare. Nikajifunika kitenge mpaka shingoni katika joto lile. Konda alidhani nina malaria. Akanihamishia kiti cha mbele karibu na dereva, akaninunulia maji, akawa ananiita "mama yangu" kila baada ya dakika chache.

Tulipopita Hedaru basi likazimika. Dereva akashuka, akafungua huku na huku, akatangaza kwamba kifaa kinachotakiwa kinatoka Same na kitaletwa kwa pikipiki. Watu walilalamika. Jua lilikuwa kali, pande zote ni miiba na vumbi jekundu, na juu ya milima mawingu meusi yamekaa, mvua inanyesha huko wakati sisi huku chini tunakauka. Dada mmoja aliyekuwa anakwenda kwenye harusi Moshi alilia kabisa. Mimi nilikaa chini ya mgunga nikala mayai ya kuchemsha na chumvi, na Mungu anisamehe, nilifurahi. Niliomba kile kifaa kisipatikane. Niliomba dereva atuambie turudi tulikotoka.

Kilipatikana. Tukaingia Same jua likiwa linazama.

Same, siku mbili za kungoja

Nilifikia kwa Mama Zuhura, mwanamke wa Kiislamu mwenye mgahawa na vyumba vitatu vya kupangisha nyuma yake. Asubuhi nilipoulizia gari la kupitia Kisiwani kwenda Maore, nikaambiwa mvua ya milimani imeshusha maji na korongo moja halipitiki. Nikangoja siku hiyo na iliyofuata.

Mama Zuhura aliona kitenge changu chenye msalaba akadhani mimi ni mhubiri niliyekuja kwenye mkutano wa injili. Akanipigia hesabu ya wahubiri wote waliowahi kulala kwake, nani alikuwa mstaarabu na nani aliacha chumba kichafu. Nikamwambia mimi si mhubiri, ni nesi mstaafu, mkunga.

Ningenyamaza tu. Alinyanyuka pale pale akamwita mkamwana wake, Mwanaidi, binti mwembamba mwenye tumbo la miezi minane. "Mwangalie huyu, dada yangu. Tangu jana anasema mtoto hachezi."

Nikasema sina vifaa. Akasema mikono unayo. Nikasema apelekwe hospitali. Akasema watakwenda, lakini kwanza mguse tu, umtoe hofu. Mwanaidi alikuwa ananitazama kwa macho ya mtu aliyekwisha kuniamini. Basi tukaingia chumbani, akalala, nikaweka sikio langu juu ya tumbo lake kama tulivyofundishwa zamani kwa wakati wa shida. Sikusikia kitu. Nikasogeza sikio, nikabana pumzi. Halafu nikayasikia mapigo, mbali, ya haraka haraka, kama mtu anayetwanga nyumbani kwa jirani.

Nikaanza kulia. Mwanaidi akapiga kelele akidhani mtoto amekufa, Mama Zuhura akaingia mbio, na ikanichukua muda kuwaelewesha kwamba mtoto yu hai, anayelia ni mimi kwa mambo yangu. Nikawasisitiza waende hospitali siku ile ile, wakaenda.

Waliporudi wakiwa na habari njema, Mama Zuhura alinipikia pilau, akakaa mbele yangu na kusema, "Sasa niambie."

Nikamwambia. Nyinyi pia sasa nawaambia. Miaka kumi na minne iliyopita Namkunda alikuja zahanati mchana, ana uchungu wa mimba yake ya kwanza. Nilimpima, mapigo ya mtoto yalikuwa mazuri kabisa. Siku ile kanisani walikuwa wanakuja wageni wakubwa, na mimi ndiye niliyesimamia mapishi yao, tena nyumbani kwangu, mwendo mfupi tu kutoka zahanati. Mtu mwenye uchungu husikilizwa mtoto wake kila nusu saa. Mimi nilimwacha zaidi ya saa tatu. Nilikuwa naonja mchuzi. Niliporudi hapakuwa na mapigo. Mtoto alitoka amekufa. Nikamfunika upesi, na kwa hofu ya kazi yangu nikamwambia Namkunda, "Mwanao alifia tumboni kabla hujafika hapa." Daftarini nikaandika hivyo hivyo. Mama mkwe wake akaniuliza mlangoni, "Ni zile dawa za miti shamba, sivyo?" Sikujibu ndiyo. Nilitikisa kichwa kwa huzuni, nikamwacha aelewe alivyotaka. Mwaka uliofuata nikaomba uhamisho.

Mama Zuhura akasema, "Kwetu sisi, haki ya Mungu unamlilia Mungu. Haki ya mtu lazima umwendee mwenyewe. Na akikunyima radhi, umenyimwa." Akaniongezea pilau. Sikuweza kuila.

Chini ya milima

Siku ya tatu gari likapita. Kulia kwetu milima, kushoto mbuga ya Mkomazi. Karibu na Kisiwani tulisimama kumngoja mzee aliyekuwa anafunga magunia yake. Tembo walikuwa wamepita kwenye mahindi yake usiku, akavuna kilichobaki kikiwa bado kibichi. Alipanda akagawa mahindi mawili mawili kwa abiria, bure, akisema, "Heri mle nyinyi, watu, kuliko wale." Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Maore nilipanda pikipiki. Kijana wa pikipiki alinipandisha mpaka mahali ambapo barabara ilikuwa haipo. Mlima ulikuwa umeporomoka, migomba na udongo vimefunika njia yote. Akasema, "Bibi, hapa mwisho wangu." Akageuza.

Kupanda kwa miguu

Nilivuka yale maporomoko kwa kutambaa, viatu mkononi, na mvua ikaanza. Nikiwa nimekaa juu ya jiwe nahema, akatokea mwanamume amebeba bati mbili kichwani, zinamkinga na mvua. Akanitazama, akapita, akarudi.

"Nesi? Si wewe nesi Tabitha?"

Nikaitika.

"Mimi Elinami! Mapacha wangu uliwazalisha wewe! Sasa wako sekondari!" Akaziweka bati chini, akanishika mikono yote miwili. Sikuweza kumzuia. Akanibebea begi juu ya zile bati, na njia nzima akawa ananikumbusha niliowasaidia, huyu alitangulia miguu, yule alitoka damu nikakesha naye. Yote yalikuwa kweli, na kila moja lilinichoma. Nilitaka kumwambia anyamaze. Alipoona nimekuwa mzito, alidhani ni uchovu, akatoa simu akapiga. Alisema kwa Chasu, lugha yao Wapare, nami nilielewa vya kutosha: nesi wetu amerudi, pikeni.

Kijijini

Kijiji chenyewe sitakitaja. Kiko juu huko upande wa Bombo, na watu wake wanaishi bado.

Tulifika saa kumi jioni, nimelowa mwili mzima. Nyumbani kwa Elinami wanawake walikuwa wamejaa. Waliimba. Walinivua kitenge kilicholowa wakanifunga kikavu, wakaniketisha karibu na moto, wakaniletea makande ya moto na kuku aliyechinjwa kwa ajili yangu. Vijana niliowapokea wakiwa wachanga waliletwa mmoja mmoja kunisalimia. Mama mmoja alisimama akamshukuru Mungu kwa mkono wangu. Nikasema, "Msinisifu, nawaomba." Wakasema, mnaona unyenyekevu wake.

Mwishoni akaingia mwanamke mrefu, amebeba mkungu mdogo wa ndizi. Alikuwa na mvi nyingi kuliko umri wake. Aliuweka mkungu chini, akapiga goti kidogo kama wanavyofanya kwa mkubwa.

"Shikamoo, nesi."

Niliitikia marahaba. Ndilo neno gumu kuliko yote niliyoyasema katika safari ile, kuliko hata yale niliyokuja kuyasema kanisani Jumapili. Namkunda akaniuliza habari za Dodoma, akasema ana mgonjwa nyumbani hawezi kukaa, akaaga. Nikauliza mgonjwa ni nani.

"Mama mkwe wake," akasema mke wa Elinami. "Haoni tena. Mume alikwenda Tanga akaoa mwingine. Yeye ndiye amebaki anamlisha yule bibi." Akapunguza sauti. "Na yule bibi ndiye aliyempeleka kwa wazee wa kanisa."

Shambani kwa Namkunda

Asubuhi nilimkuta anapalilia maharage kwenye mteremko nyuma ya nyumba. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Dodoma. Yalipotea yote. Nikasema tu, "Namkunda, mwanao alikuwa hai ulipofika. Nilimsikia. Nilikuacha nikaenda kupika. Alikufa mimi nikiwa jikoni, kisha nikakudanganya."

Aliendelea kulima mpaka mwisho wa mstari. Nilisikia jembe likigonga mawe. Akarudi na mstari wa pili. Katikati yake akasimama, bila kunitazama.

"Alikuwa wa kike au wa kiume?"

Sikulielewa swali. Halafu nikalielewa. Nilimfunika upesi mno. Wazee wa kike walimzika jioni ile ile, na hakuna aliyemwonyesha Namkunda mwanawe.

"Wa kike," nilisema. "Alikuwa na nywele nyingi."

"Mimi nilikuwa namwita Danieli," akasema. "Miaka yote hii nimekuwa nikimwombea Danieli."

Aliketi pale pale kwenye udongo uliolowa. Nami nikaketi, mbali naye kidogo. Hakulia. Alikuwa anasogeza midomo, na baadaye nikafahamu kwamba anajaribu majina ya kike.

Alipoinuka alisema, "Twende ukamwambie bibi."

Bibi kizee alikuwa amelala kwenye kitanda cha kamba, safi kabisa, shuka limefuliwa. Nikayarudia yote. Namkunda alisimama mlangoni. Nilipomaliza, kile kizee kikageuza macho yake meupe upande wa ukuta. Tulingoja. Baada ya muda kikasema, "Namkunda, maji."

Namkunda akamimina maji, akamwinua kichwa, akamnywesha. Alimfuta na kidevu.

Nje nikamwuliza, "Umewezaje kukaa naye?"

"Ningemwacha na nani?" Alikuwa ameudhika, kama vile nimeuliza jambo la kipumbavu. "Alinisingizia mbele ya kanisa, lakini njaa yake haikunisingizia."

Jumapili

Mchungaji ni kijana, hakuwepo wakati ule. Alinisikiliza ofisini kwake, uso umembadilika rangi. Namkunda alikuwa amekaa kando, mikono magotini. Nikamweleza pia kwamba nikishuka nitapeleka maelezo yangu wilayani, kwa wakubwa wa zahanati. Nimefanya hivyo, na yatakayokuja yaje.

"Mama," mchungaji akaniambia, "tunaweza kulimaliza jambo hili hapa hapa, kwa maombi. Mimi nitatangaza tu kwamba Mama Namkunda amerudi kundini. Si lazima wewe uaibike mbele ya watu."

Nakiri moyo wangu uliruka kwa furaha.

"Mimi nilitengwa mbele ya watu," akasema Namkunda. "Na sijarudi kundini, mchungaji. Sikutoka."

Basi Jumapili nikasimama. Wale wale walioniimbia walikuwa wamekaa mbele yangu. Nilisema kwa Kiswahili chepesi asiwepo wa kusema hakuelewa. Nilipofika kwenye habari ya jikoni, mwanamke aliyekuwa amemshukuru Mungu kwa mkono wangu aliinama akaficha uso. Elinami alitoka nje. Mapacha wake walibaki, wananikodolea macho. Mzee mmoja wa kanisa alisema kwa sauti, "Tulikosa, tulikosa," kisha akashindwa kuendelea. Hakuna aliyenizomea. Ingekuwa heri wangenizomea.

Ilikuwa Jumapili ya meza ya Bwana. Mchungaji alitangaza kwamba adhabu ile haikuwa halali, akamwomba Namkunda msamaha kwa niaba ya usharika, akamwalika aje wa kwanza mezani, peke yake, kabla ya mtu mwingine yeyote. Kinanda kikaanza taratibu. Namkunda akainuka. Akatembea mpaka katikati ya kanisa, akasimama. Watu walikuwa wanalia tayari.

"Nashukuru," akasema. "Lakini leo siwezi."

Kinanda kikanyamaza.

"Nimekaa bila kula meza hii kwa sababu sikutaka kusema uongo. Mkiniona leo nakuja nakula, mtadhani nimemsamehe nesi. Sijamsamehe. Nimejaribu tangu juzi na sijaweza. Kuleni nyinyi. Mimi nitangoja."

Akarudi akaketi. Mchungaji alisimama na kikombe mkononi, hajui afanye nini. Mwisho watu wakaanza kwenda mmoja mmoja, wengi hawakwenda kabisa. Mimi sikwenda, na ndiyo sababu huku pia mnaniona nabaki nimekaa.

Kushuka

Usiku ule nililala kwa mchungaji. Kwa Elinami begi langu lilikuwa limewekwa nje mlangoni, chini ya mchirizi wa bati. Simlaumu.

Jumatatu asubuhi nilitoka peke yangu. Nilipofika njia panda nikamkuta Namkunda amesimama, jembe begani. Bila neno akachukua begi langu akatangulia. Kule hawamwachi mgeni ashuke peke yake, hata awe nani. Tulitembea mpaka kwenye maporomoko, saa nzima. Nilikuwa namtazama kisigino chake kilichopasuka mbele yangu, nikifikiri, sasa nitamwambia, sasa nitapiga magoti.

Pale aliposimama nikafungua mdomo, akanizuia kwa mkono.

"Nesi, nisikilize. Usinitumie kitu. Wala usiwatume watu waniombe kwa ajili yako. Naomba kila asubuhi niweze kukusamehe, na nitaendelea kuomba. Siku nikiweza, nitakutafuta mwenyewe."

"Na usipoweza?"

Alifikiri. Alifikiri kweli, akitazama bondeni, kama mtu aliyeulizwa njia na hataki kumpoteza mgeni.

"Nisipoweza nitamwambia Mungu hivyo hivyo," akasema. "Sijawahi kumdanganya."

Akanipa begi langu, akarudi kupalilia.